Tetekuwanga: mbona chanjo yake ni ya wenye pesa peke yao?



Fungua kile kijitabu cha mama na mtoto ambacho wazazi hupewa kliniki. Nenda ukurasa wa chanjo. Utaona BCG ya kifua kikuu, polio, ile sindano moja ya magonjwa matano, ya nimonia, rota ya kuhara, na surua-rubela ya miezi 9 na miezi 18. Tangu 2025 kumeongezwa chanjo ya taifodi. Sasa tafuta tetekuwanga. Haimo.

Halafu ingia hospitali ya kibinafsi hapo Nairobi au Mombasa, uliza hiyo hiyo chanjo ya tetekuwanga. Utaambiwa ipo. Utaambiwa pia bei, na bei ni maelfu ya shilingi kwa dozi moja. Mtoto anahitaji dozi mbili. Ukiwa na watoto watatu, piga hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo nchi ni moja, virusi ni vilevile, lakini mtoto wa tajiri ana kinga na mtoto wa mama mboga ana vipele. Wengi hawajui hata kama kuna chanjo kama hiyo duniani. Na wakisikia, maswali ni matatu: Kwani tetekuwanga si ugonjwa wa kawaida tu? Hiyo chanjo ni halali? Na mbona serikali haitoi? Tuyajibu moja moja, kisha niseme msimamo wangu.

Ugonjwa wa kawaida, lakini si kwa kila mtu

Tuseme ukweli. Kwa mtoto mwenye afya nzuri, tetekuwanga mara nyingi huja na kwenda. Homa kidogo, vipele vya maji, kujikuna usiku kucha, wiki moja au mbili amepona. Ndio maana bibi zetu hawakuiogopa. Mtaani wengine hata humpeleka mtoto akacheze na mwenzake mgonjwa ati aipate mapema amalizane nayo.

Shida ni kwamba mtoto huyo hakai kisiwani. Tetekuwanga husambaa kwa hewa na kwa kugusana, na mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijatokea. Yaani mtoto yuko madrasa Jumatano anasoma na wenzake, hana dalili yoyote, Ijumaa ndio vipele vinatoka. Wale aliokaa nao wataanza kuugua kati ya siku 10 na 21 baadaye.

Na kati ya watakaoipata, kuna ambao kwao si mchezo.

Wa kwanza ni mama mjamzito ambaye hakuwahi kuugua utotoni. Mtu mzima akipata tetekuwanga huumwa zaidi kuliko mtoto, na mjamzito anaweza kupata nimonia kali. Akiipata miezi ya mwanzo ya mimba, kuna hatari, ingawa ni ndogo, ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Akitokwa na vipele kati ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baada yake, mtoto mchanga yuko hatarini sana, kwa sababu anazaliwa na virusi kabla mama hajapata muda wa kumpa kinga.

Wa pili ni mwenye kinga dhaifu. Mtoto anayetibiwa saratani. Mtu anayeishi na HIV ambaye hajaanza dawa au dawa hazijashika. Mtu aliyepandikizwa figo. Kwa hawa virusi vinaweza kuingia mapafuni, kwenye ini, hata kwenye ubongo.

Wa tatu ni mtu mzima wa kawaida tu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika nchi za joto, watu wengi zaidi hufika utu uzima bila kuwahi kuugua tetekuwanga kuliko katika nchi za baridi. Kwa hivyo ule usemi wa kwamba kila mtu huipata akiwa mdogo hautufai sana sisi. Kijana wa miaka 24 anaweza kuipata chuoni au kazini, na ikamlaza.

Tena, virusi vikishaingia haviondoki. Vinalala kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka. Uzeeni, au kinga ikishuka, vinaamka na kuwa mkanda wa jeshi. Aliyewahi kumwona mzee wake akilia na maumivu ya mkanda wa jeshi hawezi kusema tena kwamba tetekuwanga ni kitu kidogo.

Marekani walihesabu. Kabla hawajaanza kuchanja mwaka 1995, karibu watu milioni 4 waliugua kila mwaka, zaidi ya 10,000 walilazwa, na kati ya 100 na 150 walikufa. Kila mwaka, katika nchi tajiri yenye hospitali kila kona. Tangu hapo, wagonjwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Chanjo yenyewe

Aliyeitengeneza ni daktari Mjapani, Michiaki Takahashi. Mtoto wake wa kiume aliugua tetekuwanga vibaya wakiwa Marekani miaka ya 1960, na baba akarudi Japani na nia moja. Mwaka 1974 alichapisha matokeo ya kwanza ya chanjo yake. Ni virusi vile vile vya tetekuwanga, vilivyodhoofishwa, vinavyoufundisha mwili kupigana bila kuuguza mtu vibaya. Dozi moja huzuia karibu kesi 8 kati ya 10, na dozi mbili huzuia zaidi ya 9 kati ya 10. Wachache wanaougua hata baada ya kuchanjwa huugua kidogo.

Kwa vile ni virusi hai, mjamzito hapewi, na aliye na kinga dhaifu sana hapewi. Hapo ndipo utaona kwamba hawa ambao wangeihitaji zaidi hawawezi kuipata. Wanalindwa na sisi wengine tulio karibu nao, tukiwa tumechanjwa. Ukimchanja mtoto wako unamlinda pia shangazi yake mwenye mimba.

Ni halali?

Swali hili linaulizwa sana na si la kudharauliwa. Baadhi ya chanjo za tetekuwanga zina jelatini ya nguruwe, inayowekwa ili virusi visiharibike. Ni kweli, si uvumi. Mzazi Mwislamu ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya sindano, kwa lugha anayoielewa, na asichekwe akiuliza.

Lakini habari haiishii hapo. Kwanza, si chanjo zote za tetekuwanga zilizo na jelatini. Kuna iitwayo Varilrix ambayo haina. Kwa hivyo ukiwa hospitali, uliza jina la chanjo, soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Hiyo ni haki yako kama mteja na kama mzazi.

Pili, wanazuoni wamelizungumzia jambo hili zamani. Mwaka 1995 Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, yenye makao yake Kuwait, iliwaketisha mafakihi na madaktari pamoja. Walisema kwamba kitu najisi kikigeuka asili yake kikawa kitu kingine kabisa, hukumu yake hubadilika, na wakaitaja jelatini kuwa mfano. Hiyo ndiyo istihala. Wapo wanazuoni wasiokubaliana nao, na hao nao wana hoja zao. Hata hivyo, wengi wao huangalia dharura na kukosekana kwa mbadala.

Indonesia tuliona mfano. Mwaka 2018 baraza lao la maulamaa lilisema chanjo ya surua-rubela iliyokuwa ikitumika ilitengenezwa kwa kitu cha nguruwe, kwa hivyo asili yake ni haramu, lakini ikaruhusiwa kwa sababu haja ipo na mbadala haupo. Watu wengi walisikia neno haramu, wakafunga masikio kabla ya nusu ya pili ya fatwa. Sehemu nyingi nje ya kisiwa cha Java wazazi walikataa, na watoto wakabaki bila kinga ya surua. Somo ni kwamba fatwa isomwe yote.

Na kwa wanaosema hii ni njama dhidi ya Waislamu: Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu zinawachanja watoto wao wote tetekuwanga katika ratiba ya taifa. Wao hawakungoja sisi tuwaambie nini halali.

Lakini nitasema na hili. Shaka ya watu wetu haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2011, shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini kule Abbottabad, Pakistani, kumsaka Osama bin Laden. Baada ya hapo wachanjaji wa polio waliuawa na watoto wakakosa dozi. Miaka mitatu baadaye Marekani ilitangaza kwamba haitatumia tena chanjo kwa ujasusi. Jamii ambayo imefanyiwa hivyo ina haki ya kuuliza maswali mara mbili. Muuguzi akimjibu mzazi Mwislamu kwa ukali kwa sababu ameuliza, anaharibu kazi ya chanjo zaidi kuliko uvumi wa WhatsApp. Nasi tukishajibiwa vizuri, kukataa tena kwa sababu ya klipu ya mtu asiyejulikana ni kuwadhulumu watoto wetu.

Mbona Kenya haitoi?

Hapa ndipo wengi wetu tungetaka kupiga kelele tu. Tusikilize kwanza, maana kuna sababu ya pesa na kuna sababu ya sayansi.

Ya pesa inajulikana. Chanjo nyingi za watoto wetu zimekuwa zikilipiwa kwa sehemu na mfuko wa kimataifa wa Gavi. Msaada huo unapungua hatua kwa hatua, na kufikia karibu mwaka 2030 Kenya inatarajiwa kujilipia yenyewe. Mwaka 2025 tuliona dalili za hatari: chanjo ya BCG na ya polio zilikosekana vituo vingi, kina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wachanga mgongoni.

Ya sayansi ni hii. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri nchi ianze kuchanja watoto wote tetekuwanga ikiwa tu inaweza kufikia na kushikilia angalau asilimia 80. Kwa nini? Kwa sababu ukichanja nusu nusu, virusi vinapungua lakini haviishi. Mtoto ambaye hakuchanjwa hapati ugonjwa akiwa na miaka mitano, anaupata akiwa na miaka 25, labda akiwa na mimba. Unakuwa umeuhamisha ugonjwa kutoka kwa watoto kwenda kwa watu wazima, ambako unaumiza zaidi. Wanaolipa hospitali za kibinafsi leo ni wachache mno kuleta mabadiliko hayo. Lakini mpango wa serikali wa nusu nusu ungeweza.

Uingereza yenyewe ilisita karibu miaka 30 baada ya Marekani. Wataalamu wao walihofia kwamba watoto wakiacha kuugua, watu wazima watakosa ule mguso wa virusi unaowakumbusha kinga yao, na mkanda wa jeshi utaongezeka. Data ya Marekani ya miaka mingi ilipowatuliza, kamati yao ilipendekeza chanjo Novemba 2023, na Januari 2026 wakaanza kuwapa watoto wote bure, imechanganywa na ya surua kwenye sindano moja.

Sasa rudi nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban asilimia 80 ya watoto wa Kenya wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili wamepata chanjo zote za msingi. Lakini hiyo ni wastani. Kaunti kama Garissa na Mandera ziko chini kabisa, mbali sana na kaunti za magharibi. Hizo ni kaunti zetu. Ukileta tetekuwanga kesho kwa mpangilio huu, Vihiga watafika 80 na Garissa hawatafika. Wale wale wanaoachwa nyuma kila siku ndio watakaopata tetekuwanga ya utu uzima, katika vijiji ambako hospitali iko mwendo wa siku nzima.

Msimamo wangu

Sitaki serikali itangaze chanjo ya tetekuwanga kwa mbwembwe ya kampeni halafu friji ziwe tupu mwaka ujao. Nataka mambo manne, kwa mpangilio huu.

Moja, chanjo zilizopo zifike kwa kila mtoto kwanza. Surua, ile tunayoita ukambi, inaua watoto wengi kuliko tetekuwanga, na chanjo yake ni bure. Mzazi anayetafuta pesa ya tetekuwanga huku mtoto hajapata dozi ya pili ya surua ya miezi 18 ameanza mwisho. Angalia kadi leo. Ikiwa dozi imepita, rudi kliniki, hawatakufukuza.

Mbili, wanaoweza kufa walindwe sasa, wasingoje mpango wa taifa. Wauguzi wa wodi za kujifungua na za saratani ambao hawana kinga wachanjwe kwa gharama ya mwajiri. Ndugu wanaoishi nyumba moja na mtoto wa saratani wapewe bure. Hawa si wengi, na bajeti ya hospitali kubwa inaweza kuwabeba.

Tatu, Wizara ya Afya iweke wazi mpango: tetekuwanga iko nambari ngapi kwenye foleni ya chanjo mpya, itagharimu kiasi gani, na kaunti za chini zitapandishwaje hadi asilimia 80. Katiba, Kifungu cha 43, inatupa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 53 kinamtaja mtoto kwa jina. Haki hiyo haikuandikwa kwamba ni ya mwenye bima kubwa.

Nne, ikija, ije kwa wote kwa pamoja, na serikali inunue ile isiyo na jelatini ya nguruwe pale inapowezekana. Kununua chanjo ambayo kila raia anaweza kuikubali ni busara ya kawaida, na itaokoa miaka ya mabishano.

Na wewe uliye na uwezo wa kulipa leo? Lipa, mchanje mtoto, hakuna ubaya. Lakini usinyamaze baada ya hapo. Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti huwa wazi kwa umma na viti huwa vitupu. Nendeni mkiwa kumi, ulizeni swali moja tu: friji za chanjo za wadi yetu ni ngapi, na zinafanya kazi? Nawahakikishia watashtuka.

Ikiingia nyumbani kwako kabla ya hapo

Kwa wengi itaingia, kwa hivyo shikeni haya.

Mtoto akae nyumbani, asiende shule wala duksi, mpaka vipele vyote vikauke na kuwa magamba. Kwa kawaida ni siku tano au zaidi tangu vitokee. Mkate kucha. Panadol ya watoto kwa homa, kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini hata kidogo, inaweza kumletea ugonjwa hatari wa ubongo na ini. Brufen pia iacheni mpaka daktari aseme. Losheni ya kalamaini hupunguza muwasho. Wanaomwogesha kwa maji ya mwarobaini waendelee wakitaka, lakini mtoto mchanga asinyweshwe.

Kimbia hospitali ukiona anapumua kwa shida, analala kupita kiasi au amechanganyikiwa, ana degedege, anatapika bila kukoma, au ngozi karibu na vipele imevimba, ina joto na usaha.

Kama nyumbani kuna mjamzito ambaye hana hakika kama aliwahi kuugua, asingoje vipele. Apige simu kliniki siku hiyo hiyo, aeleze, ili wampangie pa kuonwa bila kukaa foleni na wajawazito wengine. Mwanamke ambaye hakuwahi kuugua na anapanga kupata mtoto anaweza kuchanjwa kabla, kisha asubiri mwezi mmoja ndipo ashike mimba.

Tena, tangu mpox iingie nchini mwaka 2024, watu wanaogopana kwa kila kipele. Msimfukuze mtu wala kumpiga picha. Apelekwe kituo cha afya aangaliwe.

Bibi zetu hawakuiogopa tetekuwanga kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Sisi tunalo. Anza na kadi ya mtoto wako leo usiku, kisha ya mtoto wa jirani. Halafu kikao cha bajeti kikitangazwa, tuonane huko.